MALKIA HAZALIWI MALKIA
Kufundisha urithi na tabia kwa mfano wa nyuki

1. Utangulizi

Somo la nyuki ni miongoni mwa masomo yanayopendwa sana katika shule za msingi. Watoto wengi wamekwisha kuwaona nyuki, wamekwisha kuumwa nao, na wamekwisha kuonja asali. Kwa hiyo mwalimu haanzi na mikono mitupu. Lakini mazoea hayo yana hatari yake. Kwa kuwa kila mtu anadhani anawajua nyuki, mwalimu huligeuza somo kuwa mawaidha: nyuki ni wachapa kazi, malkia ndiye mtawala, kila mmoja amezaliwa na kazi yake, nanyi watoto igeni mfano huo.

Siku moja nilikaa nyuma ya darasa la tano nikimtazama mwalimu mwanafunzi akifundisha katika mazoezi yake. Andalio lake la somo lilikuwa safi, na mchoro wake ubaoni ulipendeza. Alipofika kwenye malkia alisema, "Malkia amezaliwa malkia, na mfanyakazi amezaliwa mfanyakazi. Ndivyo walivyo." Mtoto mmoja, ambaye babu yake hutundika mizinga, alinyosha mkono akauliza, "Mwalimu, na malkia akifa?" Mwalimu akajibu kwamba nyuki wote hutawanyika. Yule mtoto akatikisa kichwa. "Hapana, mwalimu. Babu anasema humtengeneza mwingine kutoka kwa majana." Darasa likacheka. Mtoto akaambiwa aketi, na somo likaendelea.

Mtoto yule alikuwa sahihi. Tena jibu lake lilibeba fundisho kubwa kuliko andalio zima la somo. Makala haya yanakusudia kueleza ni kwa nini alikuwa sahihi, sayansi imegundua nini juu ya jambo hilo, na mwalimu wa shule ya msingi anaweza kulifundisha vipi bila ya kuwachanganya watoto wala kuwapotosha.

2. Yai moja, maumbile mawili

Katika mzinga wa nyuki wa asali mna nyuki wa namna tatu. Yuko malkia mmoja, ambaye kazi yake ni kutaga. Wako wafanyakazi, maelfu kwa makumi ya maelfu, wote wakiwa majike. Na wako madume, ambao hutokea kwa msimu na kazi yao ni kupandana na malkia wachanga.

Madume hutoka katika mayai ambayo hayakurutubishwa. Jambo hili lilielezwa na padri mfuga nyuki aitwaye Jan Dzierzon mwaka 1845. Dume, basi, hana baba; ana kromosomu 16 tu, hali majike wana 32. Hapo tofauti ya dume na jike ni tofauti ya urithi wenyewe.

Lakini tofauti ya malkia na mfanyakazi si ya namna hiyo. Wote wawili hutoka katika mayai yaliyorutubishwa, na hakuna yai la malkia lililo mbali na yai la mfanyakazi. Yai likianguliwa baada ya siku tatu hivi, hutoka buu, ambaye warina asali humwita jana. Katika siku za mwanzo majana wote hulishwa maziwa ya nyuki, yaani ute mzito mweupe utokao katika tezi za kichwa cha wafanyakazi wachanga. Baada ya hapo njia hutengana. Jana anayeandaliwa kuwa malkia hulelewa katika kijumba kikubwa kinachoning'inia, akaendelea kupewa maziwa hayo kwa wingi mpaka mwisho. Jana wa kawaida hupunguziwa chakula, akachanganyiwa asali na chavua.

Matokeo yake ni ya kustaajabisha. Miongoni mwa nyuki wa Ulaya, malkia hukamilika kwa siku 16 hivi na mfanyakazi kwa siku 21. Nyuki wetu wa Afrika huwahi kidogo zaidi. Malkia hutoka akiwa na mwili mrefu na mirija mingi ya mayai. Anaweza kutaga mayai zaidi ya 1,000 kwa siku moja na kuishi miaka kadhaa. Mfanyakazi hutoka akiwa mdogo, mirija yake ya mayai ni michache na imedumaa. Lakini ana vikapu vya chavua miguuni na tezi za kutoa nta tumboni, vitu ambavyo malkia hana. Katika msimu wa kazi nyingi huishi majuma machache tu.

Malkia akifa ghafla, wafanyakazi huchagua majana walio wachanga sana, wakavipanua vijumba vyao na kuwamiminia maziwa ya nyuki. Miongoni mwao hupatikana malkia mpya. Hili ndilo alilolisema babu wa yule mtoto. Lakini mwalimu azingatie neno "wachanga". Jana akipita siku tatu au nne za kwanza za maisha yake katika malezi ya kawaida, hawezi tena kuwa malkia kamili, hata akilishwa namna gani. Mlango upo, nao hufungwa kwa wakati wake.

3. Jeni husomwa kwa zamu

Ikiwa urithi ni ule ule, tofauti imetoka wapi? Hapa ndipo penye kiini cha somo.

Ndani ya kila seli ya mwili mna jeni, ambazo siku hizi huitwa pia vinasaba. Kila jeni ni sehemu ya uzi mrefu wa DNA wenye maelekezo ya kutengenezea vitu vya mwili, hasa protini. Kosa linalozoeleka ni kudhani kwamba jeni zote hufanya kazi saa zote. Sivyo. Seli ya jicho na seli ya bawa zina jeni zile zile; lakini katika jicho husomwa hizi, na katika bawa husomwa zile. Karibu na kila jeni pana mahali ambapo protini maalumu hushika, zikaruhusu jeni isomwe au zikaizuia, zikaongeza usomaji wake au zikaupunguza. Utaratibu huo ndio tuuitao udhibiti wa jeni.

Kwa watoto, mfano ufaao ni wa kikundi cha ngoma. Kikundi kina nyimbo mia. Harusini huimba hizi, msibani huimba zile, na wakati wa mavuno huimba nyingine. Nyimbo hazikubadilika, wala waimbaji hawakubadilika. Kilichobadilika ni nyimbo zipi zinaimbwa, na kwa sauti kubwa au ndogo. Hata hivyo mwalimu aonyeshe pia mahali ambapo mfano huu unakomea. Kikundi cha ngoma kina kiongozi anayeamua. Ndani ya seli hakuna wa kuamua. Chakula, homoni, joto na umri huleta mabadiliko ya kikemia, na mabadiliko hayo ndiyo yanayofungua na kufunga.

Je, tuna uthibitisho? Mwaka 2006 wanasayansi walichapisha maelezo ya jumla ya urithi wote wa nyuki wa asali. Miaka miwili baadaye, yaani 2008, Ryszard Maleszka na wenzake wa Canberra, Australia, walichapisha jaribio lililofuata. Walijua kwamba juu ya DNA ya nyuki hubandikwa alama ndogo za kikemia, na kwamba alama hizo zinahusika na usomaji wa jeni. Wakaizima jeni inayohusika na kuzibandika katika majana wachanga, kisha wakawalea wote kwa chakula cha namna moja. Walio wengi kati ya majana hao walikua wakiwa na maumbile ya malkia na mirija ya mayai iliyokamilika. Kwa maneno mengine, kuzuia ubandikaji wa alama hizo kulifanya kazi iliyofanana na ya maziwa ya nyuki. Jeni za malkia zilikuwamo ndani ya kila jana tangu mwanzo.

4. Kazi hubadilika kwa umri na kwa haja

Pengine mwanafunzi atasema: basi, akishakuwa mfanyakazi, mambo yamekwisha. La, hasha. Mfanyakazi mwenyewe hupitia kazi nyingi. Mwanzoni husafisha vijumba, halafu hulisha majana, hujenga sega, hupokea mbochi kutoka kwa wenzake, hulinda mlango. Na afikapo majuma mawili au matatu hutoka kutafuta chakula mashambani.

Mwendo huu hauendi kwa kalenda peke yake. Gene Robinson wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, pamoja na wenzake, walikusanya wafanyakazi wa umri mmoja, wachanga wote, wakawaweka katika mzinga usio na wakubwa. Baadhi yao walitoka kutafuta chakula wakiwa na umri wa juma moja tu hivi, kwa sababu hapakuwa na wengine wa kufanya kazi hiyo. Kinyume chake, walezi wakipungua, baadhi ya watafuta chakula hurudi kulea majana.

Ubongo nao hubadilika pamoja na kazi. Mwaka 2002 ilionyeshwa kwamba jeni moja inayohusika na utafutaji wa chakula husomwa zaidi katika ubongo wa watafuta chakula kuliko katika ubongo wa walezi. Mwaka 2003 wanasayansi walionyesha kwamba kwa kupima tu jeni zinazosomwa katika ubongo wa nyuki mmoja, wangeweza karibu kila mara kutambua kama alikuwa mlezi au mtafuta chakula. Na mwaka 2012 ilichapishwa kwamba baadhi ya zile alama za kikemia juu ya DNA hubadilika mfanyakazi anapotoka kwenye ulezi kwenda mashambani, na hurejea hali ya awali anaporudishwa kwenye ulezi.

Basi jeni huathiri tabia. Lakini na hali ya mzinga nayo huathiri jeni zipi zisomwe. Njia hii ina pande mbili. Mwalimu akilishika hili moja, amelishika somo.

5. Ushirika wa nyuki ulitoka wapi?

Watoto wengi, na walimu pia, hudhani kwamba nyuki wote huishi mizingani. Kwa kweli duniani kuna aina zipatazo 20,000 za nyuki, na zilizo nyingi huishi kwa upweke. Jike mmoja huchimba kishimo au hutoboa mti, hukusanya chavua, hutaga, hufunga, na kwenda zake. Wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa boriti za nyumba zetu hawana malkia wala jeshi la wafanyakazi. Maisha ya mzinga yalitokana na maisha ya namna hiyo, kwa mageuko ya vizazi vingi mno, na yalitokea zaidi ya mara moja katika koo mbalimbali za nyuki.

Kwa nini jike aache kuzaa, amlelee mwingine? Mwaka 1964 Mwingereza William Hamilton alieleza kwamba jeni inaweza kuenea si kwa watoto wa mwenye nayo tu, bali pia kupitia ndugu zake anaowasaidia, kwa kuwa ndugu hushiriki jeni nyingi. Maelezo haya hufanya kazi vizuri zaidi pale mama anapokuwa amepandana na dume mmoja tu, na hali hiyo yaelekea ndiyo iliyokuwapo mwanzoni. Malkia wa nyuki wa asali wa leo hupandana na madume kumi au zaidi. Lakini ushirika ulikuwa umekwisha kuota mizizi.

Na maumbile ya mfanyakazi yalitoka wapi? Hapa udhibiti wa jeni unatupa mwanga. Mwaka 2015 kundi la wanasayansi lilichapisha ulinganisho wa urithi wote wa aina 10 za nyuki, tangu wanaoishi peke yao hadi wenye ushirika mkubwa. Hawakuikuta "jeni ya ushirika" ambayo wenye mizinga wanayo na wapweke hawana. Walikuta kwamba kila ukoo ulifuata njia yake. Lakini kwa jumla, kadiri ushirika ulivyokuwa mkubwa ndivyo uwezo wa kudhibiti jeni ulivyoongezeka, kwa mfano kwa kuwapo mahali pengi zaidi pa zile protini za kudhibiti kushika. Tukirudi kwenye ngoma: si nyimbo mpya tu zilizojenga ushirika, kilichozidi sana ni ufundi wa kupanga nani aimbe wimbo gani, na lini.

Mfano mmoja unatosha. Iko protini iitwayo vitelojenini. Kwa wadudu walio wengi kazi yake ni kutia kiini cha lishe ndani ya mayai. Mfanyakazi wa mzinga kwa kawaida hatagi. Lakini ana protini hiyo, naye huitumia kutengenezea chakula cha majana. Isitoshe, mwaka 2007 ilionyeshwa kwamba usomaji wa jeni yake ukipunguzwa, mfanyakazi huwahi kutoka kutafuta chakula na huishi maisha mafupi zaidi. Kitu cha kale cha mama mpweke kimepewa kazi mpya katika nyumba ya wengi.

Hata leo tunaweza kuwaona nyuki waliosimama kati ya njia hizo mbili. Nyuki aitwaye Halictus rubicundus huishi Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Mahali pa baridi, ambapo msimu ni mfupi, kila jike huishi peke yake. Mahali penye joto zaidi msimu hutosha vizazi viwili, na binti wa kwanza humsaidia mama yao. Mwaka 2010 ilichapishwa taarifa kwamba nyuki wa namna hii wa kaskazini ya Uingereza walipohamishiwa kusini, baadhi yao walianza kuishi kwa ushirika. Uwezo huo walikuwa nao siku zote; haukuwa umepata mahali pa kujitokeza.

6. Mbinu za kufundishia

Si lazima, wala haifai, kumwaga habari hizi zote mbele ya darasa la tano. Mwalimu mwenyewe azijue, kisha achague. Napendekeza hatua zifuatazo.

Kwanza, anza na wanayoyajua. Waulize watoto wamesikia nini kwa wazee juu ya nyuki. Andika majibu yote ubaoni, ya kweli na yasiyo ya kweli, bila kucheka jibu la yeyote.

Pili, tumia zana. Kipande cha sega la zamani lisilo na nyuki kinatosha. Usiwapeleke watoto kufungua mzinga. Nyuki wa Afrika ni wepesi wa kushambulia, na wako watu ambao sumu ya nyuki inaweza kuwaua.

Tatu, fanya mchezo wa kadi. Kila mtoto apewe kadi yenye orodha moja ya maagizo sita: taga mayai, safisha vijumba, lisha majana, toa nta, linda mlango, tafuta mbochi. Kadi zote ziwe sawasawa. Kisha wape vipande vya karatasi vya kufunikia baadhi ya mistari. Aliyepewa "chakula cha malkia" afunike yote isipokuwa "taga mayai". Wengine wafunike mstari huo, na kila mmoja aache wazi mstari mmoja kati ya inayobaki. Kila mmoja aigize anachokisoma. Halafu uwaondoe watafuta mbochi wote darasani, uulize: "Sasa mzinga utakula nini?" Waache wenyewe wagundue kwamba baadhi ya walezi wanaweza kusogeza karatasi zao.

Nne, maswali ya kupima. Je, kadi ya malkia ilikuwa na maagizo ambayo wengine hawakuwa nayo? Ni nini kilichobadilika, kadi au kifuniko? Nani aliyeamuru walezi wakatafute mbochi? Swali la mwisho ni la muhimu. Jibu ni kwamba hakuna aliyeamuru. Malkia wa nyuki si mtawala. Yeye ndiye mtagaji. Jina tulilompa limetudanganya.

7. Tahadhari kwa mwalimu

Baada ya somo lile nililolitaja mwanzoni, tuliketi chini ya mwembe na yule mwalimu mwanafunzi. Nilimwuliza habari za mtoto mwingine, aliyekuwa akiketi nyuma kimya. Akanijibu, "Yule ni mzito wa kuzaliwa." Maneno yalikuwa yale yale: malkia amezaliwa malkia, mzito amezaliwa mzito.

Hapa nataka tuwe waangalifu pande zote mbili. Nyuki hawathibitishi lolote juu ya watoto. Mtoto si jana la nyuki, wala hakuna maziwa ya kumgeuza kuwa mtu wa namna nyingine. Mwalimu asitoke darasani akitangaza kwamba urithi si kitu. Hata nyuki hawasemi hivyo, maana dume hawi malkia kwa chakula chochote. Wanachofanya nyuki ni kuibomoa hoja moja mbovu, ile isemayo kwamba jambo likiwa la urithi basi haliwezi kuwa vingine. Mwalimu aliyeiacha hoja hiyo hana budi kuuliza: mtoto huyu anaona ubaoni? Anasikia? Amekula asubuhi? Amewahi kuulizwa swali analoweza kulijibu? Na asikawie kuuliza.

Yule mwalimu mwanafunzi alirudi darasani siku ya pili. Akaanza kwa kusema kwamba jana yake alikuwa amekosea, akamwita mjukuu wa mrina asali mbele aeleze jinsi nyuki wanavyopata malkia mpya. Mtoto akaeleza kwa ufasaha, mpaka mahali ambapo hata mimi nilichukua kalamu nikaandika. Alipomaliza, mwalimu aliuliza nani ana swali. Mkono wa kwanza ulinyoshwa kutoka nyuma.